Imani na Hofu Wakati wa Magonjwa ya Mlipuko

Ugonjwa wa mlipuko hutanguliwa na hofu. Habari zake hufika mtaani kabla mgonjwa wa kwanza hajaonekana, na kila nyumba huanza kujiuliza nani atafuata. Kwa Mkristo hofu hiyo huja na maswali ya ziada. Je, kuogopa ni kukosa imani? Kumeza dawa ni kumshuku Mungu? Mchungaji akisema hivi na daktari akasema vile, mwamini ashike neno la nani? Maswali haya yaliulizwa Karthago katika karne ya 3, yakaulizwa Wittenberg mwaka 1527, na yameulizwa Samunge, Beni na Dar es Salaam katika kizazi hiki. Majibu mazuri yamekuwapo muda wote huo. Yamesahaulika mara nyingi, na kila yaliposahaulika wamekufa watu ambao wangeweza kupona.

Biblia yenyewe haioni ugomvi kati ya sala na tiba. Mfalme Hezekia alipougua hadi kukaribia kufa, aliomba kwa machozi na kuahidiwa kuongezewa miaka 15. Nabii Isaya aliyemletea ahadi hiyo ndiye aliyeagiza pia mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Paulo, ambaye kwa mujibu wa Matendo ya Mitume wagonjwa wengi walipona kupitia kwake, alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Alimsifu Epafrodito, aliyeugua karibu kufa, bila kumlaumu kwamba imani yake ilipungua. Luka, mwenzake wa safari, alikuwa tabibu. Biblia ya Wakatoliki ina pia kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho katika sura ya 38 humtaka mgonjwa asali, kisha ampe daktari nafasi yake, maana naye ameumbwa na Mungu.

Lipo na onyo. Zaburi ya 91, yenye ahadi ya ulinzi dhidi ya tauni, huwa kimbilio la Wakristo wengi magonjwa yanapozuka, na ni haki yao kuikimbilia. Lakini katika Injili ya Mathayo, aliyeinukuu Zaburi hiyo juu ya kinara cha hekalu ni Ibilisi, akimtaka Yesu ajitupe chini ili malaika wamdake. Yesu alikataa, kwa sababu kujitia hatarini makusudi ili Mungu alazimike kuokoa ni kumjaribu. Mpaka kati ya kumtumaini Mungu na kumjaribu umewekwa hapo, na makosa mengi yanayosimuliwa hapa chini yalitokana na kuuvuka.

Hofu yenyewe si dhambi. Ni kazi ya mwili. Ubongo ukitambua hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu, moyo huenda mbio, pumzi hufupika na misuli hukaza, mtu akawa tayari kukimbia au kupambana. Hatari ikipita, mwili hutulia. Taabu huanza pale hofu inapokaa wiki na miezi. Hapo usingizi hupotea, presha hupanda, sukari ya mwenye kisukari inakuwa ngumu kudhibitiwa, na akili hurudia wazo lile lile usiku kucha. Injili hazifichi kwamba Yesu mwenyewe alifadhaika sana Gethsemane. Naye Eliya, alipomkimbia Yezebeli, alilala chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha na kumpa chakula tena. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, Eliya alipofika mlima Horebu. Wachungaji ambao humwagiza mwenye hofu afunge na kukesha kabla ya jambo lolote wangefaidika kuisoma upya sura hiyo ya 19 ya Wafalme wa Kwanza. Mtu asiyepata usingizi siku nyingi, anayesikia moyo ukimwenda mbio bila sababu, au anayetamani kufa, anahitaji kuombewa na anahitaji kuonana na daktari. Kumnyima kimojawapo ni kumpunguzia msaada.

Kanisa la kwanza lilijifunza hayo katika mazingira magumu. Kuanzia mwaka 249 hivi, tauni ilitapakaa katika Dola la Roma kwa zaidi ya miaka kumi. Wanahistoria huiita kwa jina la Sipriani, askofu wa Karthago katika nchi ambayo leo ni Tunisia, kwa kuwa ndiye aliyeacha maelezo ya dalili zake: kuhara kusikokoma, homa, vidonda vya koo, macho mekundu kama damu, na kwa baadhi ya watu upofu au uziwi. Waumini wake walimjia na lalamiko ambalo kila mchungaji bado hulisikia: mbona na sisi tunakufa? Sipriani hakuwapa faraja ya uongo. Aliwaeleza katika maandishi yake kwamba Mkristo ana mwili ule ule alio nao mpagani, na kwamba tauni haiulizi dini ya mtu. Kisha aliwapanga kazi, wenye mali watoe mali na wenye nguvu watoe nguvu, na kwa ushahidi wa shemasi wake Pontio, huduma hiyo ilitakiwa iwafikie hata wasio Wakristo, ambao miaka michache nyuma walikuwa wakishangilia mateso ya Kanisa.

Huko Aleksandria, Askofu Dionisi aliandika barua ambayo Eusebi aliihifadhi katika historia yake ya Kanisa. Barua inasimulia watu waliowasukumia wagonjwa wao njiani kabla hawajakata roho, na Wakristo waliowaokota, wakawalisha, wakawaosha, na wengi wao wakafa kwa ugonjwa ule ule. Mwaka 1996 mwanasosholojia wa Marekani Rodney Stark alitoa kitabu kuhusu kukua kwa Ukristo, akadai kwamba uuguzi huo ulikuwa na matokeo ya kitabibu ingawa hakukuwa na dawa. Mgonjwa aliyeishiwa nguvu hawezi kujitekea maji wala kujipikia. Akipewa maji, chakula laini na mahali safi pa kulala, nafasi yake ya kupona huongezeka sana. Hoja hiyo ni ya kweli hata leo: katika kipindupindu, maji yenye chumvi na sukari yakinywewa mapema humwokoa mgonjwa ambaye vinginevyo angekufa ndani ya saa chache. Kutoka mizizi hiyo zilichipuka hospitali. Basili, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, alijenga nje ya mji wake kituo cha wagonjwa, maskini na wakoma miaka ya 370 hivi, na kazi kama hiyo ikafuatwa na watawa karne baada ya karne.

Maandishi yaliyo kamili zaidi juu ya jambo hili, kwa upande wa Waprotestanti, ni barua ya Martin Luther ya mwaka 1527. Agosti ya mwaka huo tauni iliingia Wittenberg. Mtawala wa Sachsen aliwaamuru walimu wa chuo kikuu wahamie Jena. Luther alibaki, pamoja na mchungaji Johannes Bugenhagen, ingawa mkewe Katharina alikuwa mjamzito. Nyumba yao ikawa hospitali. Inafaa kukumbuka kwamba Luther hakuwa mtu asiyejua woga: Julai ya mwaka huohuo alizimia, akapita miezi ya giza la moyo ambamo alihisi ameachwa na Mungu. Ni mtu huyo ndiye aliyewajibu wachungaji wa Breslau, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław, waliokuwa wamemuuliza kama Mkristo ana ruhusa kukimbia tauni.

Jibu lake linagawanya watu kwa wajibu wao. Mchungaji, hakimu, mtawala wa mji, daktari na yeyote ambaye mgonjwa anamtegemea hana ruhusa kuondoka mpaka awe ameacha mwingine mahali pake. Mzazi hawezi kumwacha mwanawe wala mtoto mzazi wake. Asiye na wajibu wa namna hiyo, na ambaye jirani zake wana wa kuwahudumia, anaweza kuondoka kwa dhamiri safi, kwa kuwa hamu ya kulinda uhai imewekwa na Mungu mwenyewe. Halafu Luther anawageukia wale aliowaona hatari kuliko waoga: wenye kudharau dawa, wanaoingia nyumba zenye tauni bila sababu ili waonekane mashujaa wa imani. Hao, anasema, wanamjaribu Mungu, na wakiambukiza wengine wana hatia ya uuaji. Yeye aliazimia kufukiza nyumba, kutumia dawa, kuepuka mahali asipohitajika, na kwenda bila kusita palipo na jirani mwenye shida. Alishauri hata makaburi yahamishiwe nje ya mji. Miaka karibu 500 baadaye ni vigumu kupata mwongozo wa kichungaji unaoushinda huo kwa usawa wake. Luther hakulipa bei ndogo pia: Elisabeth, mtoto aliyezaliwa Desemba ya mwaka ule wa tauni, hakufikisha mwaka mmoja.

Upendo peke yake, hata hivyo, hautoshi, unahitaji maarifa. Mwaka 1976, katika misheni ya Kikatoliki ya Yambuku kaskazini mwa Kongo, nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, watawa wa Kibelgiji waliendesha hospitali isiyokuwa na daktari. Sindano zilikuwa chache, zikasuuzwa kwa maji ya vuguvugu na kutumiwa kwa mgonjwa baada ya mgonjwa. Ebola, ambayo ilikuwa bado haijapewa jina, ilisambaa kwa njia hiyo. Walirekodiwa wagonjwa 318, na 280 kati yao walikufa, wakiwamo watawa wenyewe. Wanawake hao walikuwa na nia njema kabisa. Kilichokosekana ni vifaa na elimu ya kuzuia maambukizi. Katika mlipuko mwingine wa Ebola nchini humo, mjini Kikwit mwaka 1995, walikufa watawa 6 wa Kiitaliano wa shirika lililoanzishwa Bergamo, nao wakiwa wauguzi.

Mlipuko mkubwa zaidi wa Ebola nchini Kongo ulikuja mwaka 2018 katika Kivu Kaskazini na Ituri, eneo la wasemaji wa Kiswahili, na uliendelea hadi 2020. Waliougua walifika 3,470, waliokufa 2,287. Huko tatizo lilihamia mahali pengine. Chanjo ilikuwapo, lakini watu wa Beni na Butembo walikuwa wameuawa na makundi yenye silaha kwa miaka mingi bila kulindwa, na Desemba 2018 walizuiwa kupiga kura ya urais kwa sababu iliyotajwa kuwa ni Ebola na usalama. Wengi wakaamini ugonjwa umeletwa kisiasa. Vituo vya matibabu vikashambuliwa. Hofu ya namna hii haiondolewi kwa mahubiri pekee wala kwa vipeperushi; inataka mtu anayeaminika. Ndiyo maana maparokia na makanisa yaliyokubali kuacha kupeana mikono ya amani, kuweka ndoo za maji ya klorini mlangoni na kuwaeleza wafiwa kwa nini maiti haioshwi nyumbani yalifanya kazi ambayo mgeni mwenye gari la shirika hakuiweza.

Kwa upande wa UKIMWI, hofu ya Afrika Mashariki ilivaa vazi la aibu. Miaka ya 1980 na 1990 makanisa mengi yalihubiri kuwa ugonjwa huo ni adhabu, na waliokuwa nao wakafa kimya. Mwaka 1992 kasisi wa Kianglikana wa Uganda, Gideon Byamugisha, aliyekuwa amefiwa na mkewe, alijitokeza kusema anaishi na VVU. Alikuwa kiongozi wa dini wa kwanza Afrika kutangaza hivyo hadharani, kisha akasaidia kuanzisha mtandao wa viongozi wa dini wanaoishi na virusi hivyo. Mwaka huohuo padri Mjesuiti Angelo D'Agostino, ambaye pia alikuwa daktari, alianzisha Nyumbani, makao ya watoto wenye VVU mjini Nairobi. Aibu ilianza kupungua pale aliyesimama madhabahuni alipokuwa mmoja wa wagonjwa.

Kisha kikaja kikombe. Mapema mwaka 2011, Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), alivuta umati kwa dawa aliyoitoa katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mkoani Arusha. Alisema Mungu alimwonyesha katika ndoto mti ambao wenyeji huuita mugariga. Kikombe kimoja kiliuzwa shilingi 500, na kilidaiwa kuponya kisukari, saratani, pumu, kifua kikuu, presha na UKIMWI. Ndani ya wiki chache msururu wa magari ulienea kilomita nyingi porini. Walikuja Wakenya, walikuja watu kutoka Ghuba, walikuja mawaziri. Mwishoni mwa Machi Mwasapile mwenyewe, ambaye watu walimwita Babu, aliomba watu wapya wasije kwanza, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wakifia kwenye foleni, wengine wakiwa wametolewa vitandani hospitalini.

Hakuna haja ya kumshuku Mwasapile unafiki. Aliishi maisha ya kawaida mpaka alipofariki Julai 2021, na shilingi 500 si bei ya mlaghai. Ubaya ulikuwa katika matokeo. VVU hujificha ndani ya chembechembe za mwili. ARV huvizuia kuzaana lakini hazivimalizi, hivyo mtu akiacha dawa, virusi huongezeka tena ndani ya wiki chache, na anaweza kupata aina ya virusi iliyo sugu kwa dawa aliyokuwa akiitumia. Mwenye kisukari cha kutegemea insulini akiiacha anaweza kufa kwa siku chache. Mwenye presha hujiona mzima mpaka siku ya kiharusi. Kujisikia vizuri baada ya kunywa kikombe hakukuwa kipimo cha kupona, na wapo walioaga dunia miezi baadaye wakiwa hawahesabiwi tena miongoni mwa waliokwenda Loliondo. Mchungaji yeyote anayetangaza uponyaji ana deni moja kwa anayemwombea: kumwambia akapime kabla hajaacha dawa.

Korona iliweka swali lile lile mbele ya taifa zima. Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza Machi 16, 2020. Shule zilifungwa, lakini makanisa na misikiti ikabaki wazi. Rais John Magufuli, Mkatoliki, alisema kanisani Dodoma kwamba ugonjwa huo ni wa kishetani na hauwezi kukaa katika mwili wa Yesu. Aprili zikatangazwa siku 3 za maombi ya kitaifa. Kufikia Mei takwimu zilikoma kutolewa, na Juni Rais akatangaza kuwa maombi yameumaliza ugonjwa. Kenya ilikwenda njia nyingine. Nyumba za ibada zilifungwa Machi, na baraza la viongozi wa dini likiongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria likaandaa taratibu za kuzifungua Julai: watu wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja.

Wimbi jipya lilipoingia Tanzania, watu walizikana wakisema marehemu alipata changamoto ya upumuaji. Januari 26, 2021, Baraza la Maaskofu Katoliki kupitia rais wake, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, lilitoa waraka wa kuwataka waamini wajikinge, likikumbusha kuwa nchi hii si kisiwa. Askofu Fredrick Shoo, mkuu wa KKKT wakati huo, naye aliwaonya waumini. Februari Rais mwenyewe aliwahimiza watu kuvaa barakoa zilizoshonwa nchini. Machi, katibu mkuu wa baraza la maaskofu, Padri Charles Kitima, alisema mapadri zaidi ya 25 na watawa zaidi ya 60 walikuwa wamefariki katika miezi miwili. Kusali kwa taifa lilikuwa jambo jema na halihitaji kuombewa radhi. Kosa lilikuwa kuacha kuhesabu wagonjwa, kwa kuwa sala haihitaji kufichiwa ukweli. Julai 28, 2021, Rais aliyefuata, Samia Suluhu Hassan, alichanjwa hadharani, huku Josephat Gwajima, mchungaji na mbunge wa Kawe wakati huo, akiipinga chanjo madhabahuni. Waumini walibaki katikati ya sauti mbili zenye mamlaka, na wengi waliamua kwa kufuata yule waliyemwogopa zaidi.

Mwisho wa njia ya hofu ulionekana Kenya mwaka 2023. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa kikundi kilichoongozwa na Paul Mackenzie, wengi wakiwa wamekufa njaa. Mackenzie alikana mashtaka mahakamani. Mafundisho yaliyowapeleka watu msituni yanajulikana: mwisho wa dunia umefika, shule ni ya shetani, hospitali ni ya shetani. Yesu alipozungumza juu ya vita, njaa na matetemeko aliwataka wanafunzi wasitishwe, na akasema siku yenyewe haijui mtu. Mhubiri anayetumia habari za dunia kuwatisha watu, kisha akawatenga na ndugu zao, daktari na walimu, anafanya kinyume cha agizo hilo, na jirani akiona hivyo ana wajibu wa kutoa taarifa kabla mtoto hajadhurika.

Ushauri wa kiutendaji unafuata kutoka historia hiyo. Habari za ugonjwa zisikilizwe mara moja au mbili kwa siku kutoka kwa wanaopima na kuhesabu, na sauti zinazosambazwa kwenye simu bila jina la msemaji zisipelekwe kwa mwingine. Jumuiya ndogondogo na vikundi vya nyumba kwa nyumba viwe na orodha ya wazee wanaoishi peke yao, wenye kisukari na presha, na wajawazito, ili anayewapelekea maji na chakula ajulikane kabla ya mlipuko kufika. Hofu hupungua sana kwa mtu mwenye kazi ya kufanya na mgonjwa wa kumhudumia. Sipriani na Luther walilithibitisha hilo kwa matendo. Na msomaji ambaye amewahi kuacha dawa kwa sababu ya maombi, kikombe au neno la mhubiri, arudi kliniki wiki hii, amweleze mhudumu bila kuficha ni muda gani hakumeza, apimwe upya, na aendelee kuomba huku akimeza dawa zake kila siku.